Sahani Aliyoionja Kukhu

Nakumbuka wiki ambayo usingizi ulinikimbia kwa sababu ya swali moja: katika vyote ninavyokula, ni kipi kinachonichoma miguu? Mdogo wangu, nakuandikia kwa kuwa juzi uliniambia mikono yako inakufa ganzi na tayari umeacha maziwa. Hukuniomba ushauri, lakini nisikilize.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nakaa mjini, mtaa wa Shieywe, natafuta kazi. Nyayo ziliwaka kana kwamba nimekanyaga pilipili. Daktari alinipima, akasema ni mishipa ya fahamu, akanipa vidonge na kuniambia nirudi baada ya mwezi. Mimi nikakimbilia simu. Video moja ililaumu ngano, nyingine maziwa, nyingine nyanya, na kila aliyezungumza alikuwa na uhakika kabisa. Nikaanza kushuku kila sufuria. Niliacha ugali, chapati, chai ya maziwa, nyanya na sukari, vyote katika wiki moja. Nikaacha na vidonge, ili nijue kama ni kuacha vyakula ndiko kunakosaidia. Hilo la vidonge sikumwambia mtu.

Nikiwa katika hali hiyo nilikwenda kijijini Chekalini kumwona Kukhu, mama yake baba, aliyenilea kabla wewe hujazaliwa. Alikuwa amenichinjia jogoo. Alipoleta obusuma, ugali wetu, na mchuzi wa ingokho, yaani kuku huyo, mimi nikafungua mkoba na kutoa bakuli langu la plastiki lenye nduma za kuchemsha.

Waliokuwa mezani wakageuka kunitazama. Unajua kwetu mtu anayekataa chakula cha mwenyeji na kutoa chake anasema nini bila kufungua mdomo. Mimi ninayewaza kila kitu, hilo sikuliwaza.

"Daktari wa simu amefika," alisema binamu yetu Shiundu, niliyekuwa nikimtumia zile video. Hakuna aliyecheka.

Kukhu aliivuta sahani aliyonipakulia. Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akatafuna polepole, akameza. Kisha akakunja mikono.

"Haya, mjukuu wangu. Ngoja sasa uone kama nitaanguka."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Mwanamke aliyenilisha kwa mkono wake alikuwa ananithibitishia, mbele ya watu, kwamba hajanitilia sumu. Nikaanza kueleza: ngano, nyanya, mishipa, maneno yakigongana. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Umeacha vyote hivyo. Miguu imepona?"

"Siku nyingine afadhali, Kukhu. Siku nyingine vilevile."

"Na hiyo siku ya afadhali, ni nini kilikusaidia?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole nilivyoacha, nikapoteza hesabu.

"Mahindi yangu yakiwa njano, sibadilishangi mbegu, mbolea na shamba msimu mmoja. Nitajuaje shida ilikuwa wapi? Na dawa ya hospitali unakunywa?"

Nikatazama chini.

"Ee! Kumbe hata daktari unataka aonje kwanza."

Hapo ndipo watu walipocheka, na mimi nikavuta sahani yangu nikala.

Jumatatu nilirudi hospitalini na daftari, nikamweleza daktari yote, pamoja na la vidonge. Alinigombeza kidogo, akanirudishia dawa, akaagiza damu yangu ipimwe tena. Tukakubaliana nipunguze kitu kimoja tu kwa mwezi mzima, sukari, huku nikiandika kila jioni miguu ilivyoshinda. Ilipoa kiasi. Ni sukari? Ni vidonge? Au ni kwa sababu nililala? Bado nashuku, mdogo wangu, sitakudanganya. Ila sasa nashuku kitu kimoja kimoja, kalamu ikiwa mkononi.

Basi nakusihi: usimeze maneno ya mtu kwa sababu tu ana uhakika. Usiache maziwa leo na mayai kesho ukidhani unafanya uchunguzi. Nenda upimwe kwanza, usifiche ulichoacha, wala usimfanye anayekupikia akisie unachokiogopa.

Safari iliyofuata nilimpigia Kukhu kabla sijatoka nyumbani. "Chai yangu usiitie sukari, tafadhali."

"Hayo tu?" akauliza. "Na ungesema hivyo siku ile, jogoo wangu angeliwa kwa amani."

Mungu akutulizie mikono hiyo, mdogo wangu, na akupe moyo wa kusema mapema, chakula kikiwa bado jikoni.