Nilimjengea shangazi mtambo wa gesi ya samadi Mahajanga, mtaa ukasusa mikate yake

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyashika kwa mikono yangu, na mikono ilinuka siku tatu.

Mimi ni wa Ambanoro, Nosy Be, kisiwa cha huku kwa Wamalagasi. Huko mkulima mmoja alinifundisha kujenga mtambo wa biogas: samadi na maji vinaingia kwenye tangi lililofukiwa, gesi inapita kwenye bomba hadi jikoni.

Shangazi yangu, Bi Echa, anaishi Antanimasaja, Mahajanga. Anafuga ng'ombe watatu na kuuza mokary, mikate ya mchele na nazi, ndugu wa kitumbua. Ndiyo riziki yake yote.

Samadi ilirundikana uani, ikivunda kwenye maji ya mvua na kupeleka methani angani. Gesi hiyo inaipasha dunia joto vibaya sana. Na yeye huku ananunua mkaa!

Nikajenga. Moto wa kwanza ulichanua buluu, kimya, bila moshi. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake, hakuna mteja.

Jirani yetu Mama Zaina alikuwa amepita nyumba kwa nyumba: mikate ile imepikwa kwa najisi. (Kwetu ni Kimalagasi na Kikomoro, hapa nawatafsiria.)

Siku nne beseni la mikate lilirudi limejaa. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, sina ugomvi na anga lako. Lakini mimi nitakula nini? Kesho ling'oe hilo tangi."

Asubuhi iliyofuata Mama Zaina akaja na ndoo, kuomba samadi kama kawaida yake. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye bomba la maji, nje ya lango.

"Unaipeleka wapi?" shangazi akauliza kwa sauti.

"Kwenye mchicha wangu, si unajua."

"Mchicha unaota humo humo, mnakula. Mkate wangu haujaigusa, mnasusa!"

Bombani mmoja akadakia, "Mama Zaina, mwaka wa pili huu unatuuzia mchicha. Sasa sisi tukajitwaharishe wapi?"

Kicheko kilivuka uzio.

Mama Zaina akaitazama ndoo. Akaiweka chini.

"Lete miwili," akasema. "Ya moto."

Wakuu, saa tatu beseni lilikuwa tupu! Tangi lipo mpaka leo, na nyumba mbili zaidi zimeniita nikachimbe.

Funzo: nilipima tangi, nikapima bomba, ila sikukaa na majirani kabla ya kushika jembe. Siku hizi naanza na wao.

Wafugaji, kwenu walisusa nini, na nani aliwavunja ukaidi? Mwageni hapa chini.