Vikombe Viwili vya Kauri

Mama yangu angeweza kulala bila chakula, lakini si bila chai. Aliipika kwa tangawizi na mchaichai, na sukari alitia bila huruma. Tangu baba afariki aliinywa peke yake, nyumbani kwake Kasongo, katika gobele, kikombe cha plastiki kilichopauka. Ndiyo maana mume wangu, anayefanya biashara Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, alipokwenda Bukavu kununua bidhaa alirudi na zawadi ya mama: seti ya chai ya kauri. Kuna mchoraji huko, mwanamke, ananunua vyombo vyeupe, anavichora kwa mkono, kisha anavichoma tena ili rangi ishike. Birika moja na vikombe viwili, vyote vimezungukwa na majani ya kijani.

Tulivifunga kwa vipande vya godoro na kitenge, nikavipakata nyuma ya pikipiki kutoka Salamabila hadi Kabambare, na kutoka Kabambare hadi Kasongo. Kila shimo nilimgombeza dereva, naye akacheka tu. Hakuna kilichovunjika.

Lazima niseme kwamba tangu niolewe mama hakuwahi kumsemesha mume wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali: hakuna anayekula wala kunywa mbele ya macho ya mwenzake, na maneno yao yanapitia kwa mke. Desturi nzuri, siikatai. Ila mama alikuwa ameizidisha, kwa sababu hakumtaka mtu wa machimboni tangu mwanzo, nami nilikuwa nimechoka kubeba maneno ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa. Nilitaka ampende. Basi.

Tulipofika, tulifungua mzigo barazani. Mama aliligeuza birika, akaliangalia juu na chini.

“Huyu muchoraji alikosa maua mpaka akachora sombe?” aliniuliza.

Nikacheka, maana kweli majani yale yalifanana na ya muhogo. Nikajua amependezwa. Kisha akahesabu vikombe.

“Na hii ya pili iko ya nani?”

Nilitaka kusema ni cha mgeni. Mume wangu akanitangulia.

“Iko yangu, mama. Nilitaka tukunywe pamoja.”

Mama akainamisha uso, akajifunika kitenge kichwani, akakusanya vyombo vyake na kuingia ndani. Nilitamani ardhi ipasuke.

“Uko na wazimu?” nilimwambia mume wangu. “Mutu hakunywake na mama mukwe!”

“Najua,” alisema. “Lakini mama yangu alikufa nikiwa mudogo. Sikumbuki hata kama alipenda chai.”

Alisema kwa sauti ya kawaida, na mlangoni kwa mama hakuna mlango, kuna pazia tu. Hasira yangu ikaisha. Nilimwonea huruma sana.

Tulikaa. Baadaye tukasikia moto unapulizwa, halafu harufu ya tangawizi ikatufikia. Mama akavuta kigoda hadi nyuma ya pazia, akaniita. Nilidhani atanipa ujumbe wa kutufukuza. Alinipa kikombe kimoja cha kauri, kimejaa.

“Peleka.”

Basi yeye akanywa upande wa ndani na mume wangu akanywa barazani, pazia katikati. Hakuna aliyemwona mwenzake akifungua kinywa. Hata mashangazi zangu, wenye ulimi mkali, wasingepata kosa hapo. Mimi nilikaa kizingitini, nikiwasikia wote wawili wakipuliza chai.

“Mwambie bwana yako...” mama alianza. Pazia likatikisika kidogo.

“Mutoto wangu,” alisema, na hakuwa akisema nami, “sukari inatosha?”

Mume wangu alikuwa analia, kwa hiyo nilimjibia mimi.