Bibi Nta na Droo za Uzi Mwekundu

Katika hospitali ile, ukimuuliza mlinzi wa getini jina halisi la Bibi Nta, atakuna kichwa. Ukimuuliza alipo, atakuonyesha bila kuinuka: korido ya mwisho, mlango wa kijani, piga hodi kwa adabu.

Aliingia pale kama mfagiaji, darasa la saba mkononi na ndala miguuni. Daktari wa zamani, aliyekuwa akichunguza saratani, aliona jinsi anavyoshika vitu, akamwambia aache ufagio. Akamfundisha kazi ya nta. Mgonjwa akikatwa kipande cha uvimbe, kipande hicho, kidogo kama punje ya maharage, huzamishwa kwenye nta ya moto ndani ya kikebe cha plastiki chenye matundu. Nta ikishaganda, kipande hakiozi. Mwenyewe anaweza kuzikwa, wajukuu wakaoa, nacho bado kipo kwenye droo kinasubiri kuulizwa.

Mwaka ule wa mvua kubwa paa lilivuja, wino wa lebo ukachuruzika wote. Walisota mwezi mzima kulinganisha vikebe na daftari. Bibi Nta akasema halitamtokea tena. Akanunua nyuzi za kushonea, na kila kikebe akakifunga fundo kwenye tundu lake: nyeupe kwa mgonjwa wa mjini, manjano kwa wa milimani, nyekundu kwa wa bondeni. Wasomi walicheka. "Bibi, unashona kanzu?" Yeye akawajibu, "Nashona kumbukumbu. Nyie chekeni tu."

Miaka ikaenda. Siku moja Daktari wa sasa, kijana ambaye Bibi Nta humwita mwanangu, alivuta droo za saratani ya koo, akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Bibi, mbona hapa karibu zote ni nyekundu?"

"Nilikuwa nangoja msomi mmoja aone," akasema.

Ndipo ulipoanza utafiti wa kutafuta kwa nini watu wa bondeni wanafungwa koo, mtu anashindwa kumeza hata uji. Serikali ikatoa fedha. Halafu kamati ya bunge ikatangaza kuwa inakuja kukagua, na hapo ndipo Bibi Nta alipofanya kosa la maisha yake.

Alifanya alivyolelewa: mgeni haonyeshwi chungu kilichopasuka. Katibu wa hospitali alileta rangi, akaazima mapazia wodi ya wazazi. Bibi Nta naye akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Mashine ya kukatia nta vipande vyembamba vya kupimwa, iliyokufa miezi minane nyuma, aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, juu yake akaweka maua. Mheshimiwa mwenyekiti akazunguka, akanusa maua, akasema, "Hawa hawana shida." Bajeti iliyofuata, utafiti ukakatwa kama kucha.

Bibi Nta hakulia. Alikichukua kitambaa chake, akakirudisha nyumbani, na kila akikitazama juu ya redio moyo unamchoma.

Sasa kamati ikarudi, mara hii kuamua kama chumba kibaki au vikebe vichomwe na nafasi igeuzwe ofisi. Asubuhi Katibu akaja mbio na debe la rangi. Akakuta mlango umefungwa na Bibi Nta ameketi mbele yake, ufunguo kifuani.

"Mama, fungua, wageni wako getini!"

"Waje."

"Humo ndani kuna ndoo tatu zinakinga maji! Unataka nifukuzwe kazi?"

"Mwanangu, mgonjwa hapaki poda akienda kwa daktari. Mwaka ule tulijipaka, tukaambiwa wazima."

Katibu akaangalia debe lake, akaangalia kifua cha Bibi, akaona vyote viwili haviwezi. Akaenda kuwapokea wageni.

Walipofika aliwafungulia mwenyewe. Tone likadondoka, to! kwenye ndoo. Mwenyekiti akakunja uso.

"Huu ndio usafi?"

"Usafi upo, mheshimiwa. Pitisha kidole popote. Kinachokosekana ni paa."

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Daktari akaanza kueleza kwa maneno marefu, mwenyekiti akamkata. "Daktari, wananchi wanataka dawa. Nirudi jimboni niwaambie nimewaletea nta?"

Daktari akamgeukia Bibi. Bibi Nta akasogea mbele, akavuta droo ya koo mpaka mwisho.

"Dawa ya nini, mheshimiwa, kama hatujui kinachowaua? Nyekundu ni bondeni."

Mama mmoja wa kamati akainama. Alikuwa mbunge wa bondeni. "Hizi zote ni watu wangu?"

"Hao ni wa mwaka mmoja, mwanangu. Waliotangulia wako droo za chini."

Yule mama akagusa fundo moja kwa ncha ya kidole. Wengine wakaanza kusukumana: na sisi wa mjini je? Na wa kwetu? Ghafla kila mheshimiwa anatafuta uzi wake, utadhani wako dukani siku ya bei nafuu. Mwenyekiti, mtu wa milimani, akaona manjano chache, akajitutumua.

"Mnaona? Sisi tuna afya."

"Au hawafiki hospitali," akasema Bibi Nta. "Barabara yenu naijua. Nilipanda huko kwenye msiba, nikashuka na kiuno si changu."

Kicheko kikalipuka. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alibaki ameikazia macho droo ile, na alipotoka alitoka wa mwisho.

Bungeni walivutana siku mbili. Mama wa bondeni alisimama akazungumza juu ya droo, na waliokuwa wakisema utafiti ni anasa wakamzomea. Kura zilipopigwa, utafiti ukapita kwa kura chache. Jambo moja liliongezwa: gari la wauguzi lipande milimani kupima watu huko huko. Aliyeomba nyongeza hiyo ni mwenyekiti mwenyewe, bila kueleza sababu.

Mafundi walipoanza kugonga paa, Bibi Nta alivaa kanga yake safi, akaenda kwa muuza nyuzi.

"Karibu, Bibi. Nyekundu kama kawaida?"

"Nyekundu ninayo. Nipe manjano. Nipe boksi zima."

"Boksi zima! Kuna harusi?"

"Kuna wageni wanakuja," akasema Bibi Nta, "na mara hii nitawapokea kama walivyo."