Dua ya Nyeusi na Mafua ya Nyeupe

Niseme mapema, nisije nikaonekana mnafiki: kwa miaka miwili nilimdanganya mwajiri wangu kuhusu kifua changu, na kifua changu hakikuwa na neno lolote. Kilichokuwa kigonjwa ni pikapu.

Nilikuwa dereva wa nyumbani Al Qusais, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na pikapu mbili uani. Usifikirie zile pikapu za kubebea nyanya kwenda sokoni. Haya yalikuwa madude ya Kimarekani, silinda nane, marefu kiasi kwamba ukiegesha mbele ya duka kichwa kiko kivulini na mkia umebaki barabarani. Moja nyeupe, moja nyeusi, za kampuni mbili ambazo mashabiki wao, nasikia, huko Marekani hawasalimiani. Sir alinunua zote mbili kwa sababu alishindwa kuamua. Nyeupe niliendesha mimi. Nyeusi aliiendesha mzee mmoja wa Unguja, aliyefika Dubai kabla mimi sijaota ndevu. Tulilala chumba kimoja kando ya geti, na kila mmoja aliweka kitanda chake mahali anapoweza kuliona gari lake dirishani.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuvuta. Joto likishapungua, familia ile haikai nyumbani. Ni kambi jangwani, ni kambi milimani Hatta, na karavani, ile nyumba ya magurudumu, lazima liende, na tela la pikipiki za mchangani lazima liende. Kwa hiyo ukiniuliza ipi ni bora kwa kuvuta, usinionyeshe video za kwenye simu. Nyeupe ilikuwa na nguvu za kutisha. Ukiifunga karavani inaondoka kama haijui imefungwa nini. Nyeusi iliondoka kwa kujivuta, lakini ikishashika mwendo, upepo upige utakavyo, tela halichezi, na breki zake zilimpa mtu usingizi mzuri. Viti vya Nyeusi pia vilikuwa bora, ingawa wakati huo nisingekubali hata ungenishikia panga.

Sasa kasoro. Nyeupe ikipanda mlima na mzigo, mshale wa joto nao ulipanda. Nyeusi ikisimama na mzigo, giaboksi iligoma kuingia gia mpaka ijisikie. Bila mzigo zote mbili zilikuwa malaika. Ukizipeleka gereji hazina mzigo, fundi anazizunguka, anagonga tairi, anasema hazina shida.

Mtu atauliza kwa nini hatukumwambia sir. Mtu huyo hajawahi kuwa dereva kwetu. Nilijifunza kazi Nakuru kwenye lori la mtu, na pale sheria ilikuwa moja: dereva anayeripoti ubovu ndiye aliyeuleta. Ukisema klachi inateleza, unaulizwa umeifanya nini klachi. Kwa hiyo gari unaliuguza mwenyewe, kimyakimya, na mbele ya mwenye mali unasema halijambo. Mzee alijifunza kazi Unguja, na sheria ya kule, kumbe, ilikuwa hiyohiyo.

Dawa ya Nyeupe nilikuwa nayo tangu enzi za lori. Injini ikichemka mlimani, zima AC, fungua hita mpaka mwisho, teremsha vioo vyote. Joto linatoka kwenye injini linaingia kwa abiria, na mshale unashuka. Shida ni kumweleza mwenye gari kwa nini umemwashia hita katika nchi ambayo watu wanakimbia kutoka mlangoni hadi kwenye gari ili wasiungue. Siku ya kwanza sir aliponiuliza, mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Nikamwambia mimi ni mtu wa nyanda za juu, nina kifua, AC inanipa mafua, hasa mlimani. Akanihurumia. Toka siku hiyo, kila tukikaribia Hatta yeye mwenyewe aliniuliza, "Kifua vipi?" na mwenyewe akateremsha kioo chake.

Mzee alikuwa na njia ya heshima zaidi. Kwenye kila taa, kila mzunguko wa barabara, kabla ya kuondoka, alisoma dua. Si bismillahi ya kupita tu. Dua ndefu, yenye kituo na madaha, mpaka giaboksi ilainike. Taa imekuwa kijani, nyuma watu wanapiga honi, Mzee anasoma. Gia ikiingia anasema amina. Sir aliwaambia wageni wake kwamba katika maisha yake hajaona dereva mcha Mungu kama yule.

Mimi na Mzee kila mmoja alijua siri ya mwenzake na hatukuitaja. Akinikuta nimelowa jasho, aliniambia, "Pole na mafua, mwanangu." Nami nikimwona anashuka kwenye Nyeusi, nilimwambia, "Dua ikubaliwe, Mzee."

Kilichonisumbua ni Bi Mkubwa. Ndivyo Mzee alivyomwita mama yake sir, na jina likamkaa kwetu sote. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sukari na magoti mabovu, na aliposikia kuna dereva ana kifua, alianza kuniletea chai ya zaatari. Kila safari, chupa nzima. Alisimama getini na fimbo yake kuhakikisha nimekunywa kikombe cha kwanza, akiniwekea kiganja mgongoni kusikiliza kama kunakoroma. Ile chai ni chungu. Niliinywa miaka miwili nikiwa na mapafu ya mkimbiaji.

Basi siku moja, mwezi wa kufanya upya usajili wa magari ulipokaribia, sir alituita uani akasema pikapu mbili ni nyingi. Atabaki na moja, iliyo imara na inayovuta vizuri. Na gari likiwa moja, dereva ni mmoja. Viza ya mwingine haitafanywa upya. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Mimi nilikuwa na watoto wawili shuleni na mama yao akinisubiri nimalize chumba cha pili cha nyumba. Nikaogopa, na sioni aibu kulisema. Nilimtazama Mzee, naye akaangalia viatu vyake. Sentensi moja tu ya kila mmoja wetu ingemmaliza mwenzake.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Karama, kwenye chumba cha wenzangu, Wakenya na Waganda wanaofanya kazi ya ulinzi. Nikawaeleza. Badala ya kunihurumia wakagawanyika pande mbili juu ya pikapu ipi ni bora, watu ambao usafiri wao ni metro.

"Hizo nyeusi ndizo ziko na mwili," alisema mmoja. "Mimi nalinda parking, naziona daily."

"Kuziona ni kuziendesha?" akauliza Mganda mmoja. "Wewe unafungua boom tu, ssebo."

"Na wewe unafungua mlango wa hoteli. Sasa unajua hoteli?"

Walibishana mpaka wali ukapoa. Mmoja wao tu, akiwa anapiga pasi yunifomu yake, ndiye aliyesema jambo la maana. "Si umwambie tu hiyo ya mzee haiingii gia? Khalas, umebaki na kazi." Nilimwambia nitafikiria. Kwenye metro nilifikiria, na nikajichukia kwa jinsi nilivyofikiria vizuri.

Sir aliamua kufanya jaribio lake mwenyewe. Karavani lilelile, njia ileile, kwenda Hatta na kurudi. Jumamosi Nyeusi, Jumapili Nyeupe, yeye kiti cha mbele na simu yake na chupa ya kahawa.

Jumamosi waliondoka asubuhi wakarudi alasiri, na sir alishuka akiwa mpole kama mtu aliyetoka kuhiji. Mzee alikuwa amesoma dua kila kituo, sir akiitikia amina. "Gari limetulia," aliniambia. "Halina haraka. Kama dereva wake."

Jumapili ilikuwa zamu yangu, na jua lilikuwa limekula kiapo. Kwenye tambarare Nyeupe ilipaa. Sir alitingisha kichwa kwa kuridhika. Mlima ulipoanza, mshale nao ukaanza. Nikakohoa. Sikuwa na njia nyingine. Sir akateremsha kioo bila kuambiwa, mimi nikafungua hita mpaka mwisho. Tulipanda hivyo dakika kumi na tano, upepo wa tanuri kutoka nje na upepo wa tanuri kutoka ndani. Kanzu yake nyeupe iligeuka ikawa ngozi ya pili. Kahawa aliyomimina hakuinywa, aliishika tu. Tulipofika juu alijifuta uso na kitambaa, akaniambia kwa upole, "Wallah, lazima tukupeleke hospitali."

Ukweli ni kwamba ile huruma iliniumiza kuliko angenitukana.

Kwa hiyo majaribio yote mawili yalifaulu. Sir alikaa siku tatu akikuna ndevu, hana sababu ya kuuza hii wala ile. Siku ya nne aliniita peke yangu kwenye kivuli cha gereji. Alisema anasafiri, na Alhamisi Bi Mkubwa anataka kwenda kambini Hatta na karavani lake, bila yeye.

"Mimi sitakuwepo," alisema. "Mama atakuwa na dereva tu. Nimpandishe ipi?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali yote ya nguvu za farasi na torki na mafuta. Hilo sikulitarajia. Nikamwona Bi Mkubwa kiti cha nyuma, na sukari yake na magoti yake, hita imefunguliwa, yeye ananimiminia chai akidhani anayeugua ni mimi. Dua za Mzee zingemchelewesha. Nyeupe ikichemka ingemwacha juani katikati ya mlima.

"Nyeusi, sir," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Rejeta, mshale, hita, mafua, vyote. Kuhusu Nyeusi sikutaja kitu. Nilizungumza nikitazama matairi, na nilipomaliza nikasikia mwenyewe jinsi miaka miwili ilivyo mirefu.

Sir aliitazama Nyeupe. Halafu akauliza, polepole, "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikipikwa?"

"Ndiyo, sir."

Akageuka akamwita Mzee, aliyekuwa akijifanya anafuta kioo cha Nyeusi mahali ambapo kilishakuwa kisafi. "Mzee," alisema, "mwambie huyu ulichoniambia asubuhi."

Mzee alikunja kitambaa chake mara nne. "Nilimwambia ampandishe Bi Mkubwa ile nyeupe," akaniambia. "Hii yangu ikigoma kwenye mzunguko na malori yanakuja, mwanangu, hakuna dua itakayotosha. Nikamwambia kila kitu. Ya kwako sikuyatia mdomoni."

Tukasimama pale, watu wawili wazima, kila mmoja ameshajifukuza kazi. Nilitaka kumkumbatia yule mzee na nilitaka kulia, na sikufanya hata kimoja kwa sababu sir alikuwa anatutazama kama mwalimu aliyekamata wanafunzi wakipeana majibu yasiyo sahihi. Alitusema. Alitusema kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kiarabu, na katikati, alipofika kwenye dua, alisema, "Na mimi nilikuwa naitikia," sauti ikamkatika, akageuka kuangalia ukuta. Mabega yalikuwa yanacheza. Mpaka leo Mzee anasema alikuwa analia. Mimi nasema alicheka.

Hukumu ilitoka siku hiyohiyo. "Khalas. Zote zinauzwa, na mnunuzi ataambiwa kila kitu. Nitanunua moja. Na nyinyi mtapanda wote wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anakaa kando yake. Gari likiwa na neno na dereva akanyamaza, huyo wa pembeni ataniambia."

Viza zetu zikafanywa upya. Safari ya Bi Mkubwa ikasogezwa mbele wiki tatu, na pikapu ya kijivu ikafika, ya kampuni ya tatu kabisa ili kusiwe na ushabiki. Mnunuzi wa Nyeupe, dalali wa magari, aliambiwa kuhusu joto lake, akasema atabadilisha rejeta wiki hiyohiyo.

Jambo moja lilibaki. Hakuna aliyepata moyo wa kumweleza Bi Mkubwa. Siku ya safari alisimama getini na fimbo na chupa. Nilimtazama sir, sir akatazama juu. Nikanywa.

Mzee aliendesha, kimya kabisa, anaondoka kwenye taa kabla honi ya kwanza. Mimi kando yake, Bi Mkubwa nyuma, AC inavuma. Kabla ya mlima tulisimama kituo cha mafuta, na pale foleni, mbele yetu, nikaiona. Niliitambua kwa mchubuko wa mlango wa nyuma, ambao niliuchora mwenyewe kwa geti nikaripoti kwamba niliukuta. Nyeupe, imefungwa tela la boti, vioo vyote vinne chini, mchana wa jua kali. Dereva ana taulo shingoni. Kando yake ameketi bosi wake, amelowa chapachapa, uso umejaa huruma.

Bi Mkubwa aliinama mbele akachungulia. "Maskini," akasema. "Huyo naye ana kifua." Akaninyooshea chupa na kikombe.

Mzee aligeuza uso dirishani akaanza kusoma dua, na safari hii nadhani aliihitaji kweli. Nikashuka. Kwenye kioo cha Nyeupe kulikuwa kumening'inia bendera ndogo ya Uganda, kwa hiyo nilimsalimia kwa Kiswahili. Nilipoinama dirishani, joto la hita likanipiga usoni. Nililijua.

"Pole, ndugu," nikasema. "Bi Mkubwa wetu amekuona."

Alimtazama bosi wake, akanitazama mimi. "Ni mafua tu, kaka," akasema, na akakohoa kidogo. "Sisi watu wa Kabale, kwetu kuna baridi sana."

Nikamwambia najua, nikammiminia kikombe, nikasimama pale mpaka akakimaliza.