Likizo ya Mzee Nipo

Jina lake la ubatizo lilikuwa limesahaulika hata na wazee wa kanisa. Watu walimwita Mzee Nipo, kwa sababu akipigiwa simu hasemi haloo, anasema, "Nipo!" Mgonjwa kalazwa, nipo. Ndoa inataka kuvunjika, nipo. Msiba mtaa wa tatu, nipo, tena kabla jeneza halijafika. Miaka kumi na tisa alikuwa mwinjilisti wa usharika ule, na waumini walijisifu kwamba mtumishi wao hachoki. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea watu nguo chumba cha mbele, hakujisifu. Yeye alikuwa akimtazama tu.

Jumanne moja asubuhi aliitwa ofisini. Mwenyekiti wa baraza la wazee alimsogezea barua yenye muhuri. Siku arobaini za kupumzika. Asihubiri, asizike, asitembelee wagonjwa, na simu ya huduma aikabidhi kwa katibu.

"Nimekosa nini?" aliuliza.

"Hujakosa kitu, ndugu yangu. Pumzika."

Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Tangu lini mtu asiye na kosa akapigiwa muhuri? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Akatoka ofisini akijua jambo moja: kuna mtu kamchongea.

Jumapili alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Ungedhani anaabudu, kumbe anahesabu nani kampa mkono mmoja na nani kampa yote miwili. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyepewa mimbari. Alipotea kwenye mahubiri yake mwenyewe, akarudia mfano uleule mara mbili, na bado watu wakaitikia amina kwa moyo mweupe. Mzee Nipo aliumia kuliko kama wangemzomea. Ndiye huyu, akawaza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini Jumatano, akitoka dukani, alimkuta mkewe getini pa kanisa na katibu, mama mmoja mwalimu mstaafu aliyetunza kila karatasi ya usharika. Walikuwa wameinamiana kwa mazungumzo. Walipomwona wakanyamaza.

"Mnaongea nini?"

"Mapazia ya madhabahuni," alisema mkewe.

Madhabahu ile haijawahi kuwa na pazia.

Kuanzia siku hiyo hakula kwa amani. Alimchunguza mkewe alivyokunja vitambaa, alivyoitikia hodi, alivyouliza "umeamkaje" kana kwamba jibu litaandikwa mahali. Ijumaa mchana hakustahimili tena. Alikuwa bado na ufunguo wa zamani wa kabati la ofisi. Akaingia kama mwizi, akavuta jalada la baraza.

"Mwinjilisti, unatafuta nini humo?"

Katibu alikuwa amesimama mlangoni, miwani puani.

Mzee Nipo aliona haya, lakini hakurudi nyuma. "Namtafuta adui yangu, Mwalimu."

Mama yule akaliangalia lile jalada. "Basi soma karatasi ya tatu. Ukimaliza, ufunguo uniachie mezani."

Karatasi ya tatu ilikuwa barua ya kuomba mwinjilisti apumzishwe. Hakuhitaji kuangalia sahihi. Zile herufi nyembamba, zilizosimama wima kama sindano, alizijua: ndizo zilizoandika vipimo vya wateja kwenye daftari lililolala juu ya cherehani.

Alifika nyumbani akihema. "Mama watoto, ni wewe?"

Mguu wa mkewe ukaacha kanyagio. "Ni mimi."

"Kumbe miaka yote nimelala na msaliti!"

"Kaa kwanza, Baba. Unakumbuka siku ile ya maharage? Nilikuomba ubariki chakula. Ukafumba macho ukasema, 'Bwana, umpokee mja wako huyu, uwafariji aliowaacha.' Watoto walicheka mpaka wakapaliwa. Wewe ukasema amina, ukachukua kijiko. Hukujua ulichosema." Akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Mimi sikucheka. Nikajiuliza, huyu anayeombea watu, yeye mwenyewe anaongea na Mungu saa ngapi?"

"Ungeniambia mimi."

"Nimekuambia mara ngapi? Kila nikianza, simu inalia. Kinyozi hajinyoi, Baba, lakini hata yeye huinamisha kichwa kwa mwenzake."

Mzee Nipo akageuka. Akatoka na hasira zake, akaenda kukaa kanisani peke yake, jua likiwa bado juu. Akafumba macho ashitaki. "Ee Mungu mwenye enzi na rehema nyingi..." Akaisikia sauti yake: ya kipaza sauti, yenye mapumziko yake mahali pake, ya kungoja amina. Akaikatiza. Akajaribu tena, ikatoka ileile. Sasa akamshuku mtu ambaye katika uchunguzi wake wote hakuwahi kumgusa: yeye mwenyewe. Kilichotoka mwishowe ni maneno mawili: "Bwana, nimechoka." Akalia kama mtoto.

Siku zilizobaki hazikuwa tamu sana. Alinuna, alilala mchana, aligombana na mkewe kuhusu redio. Kila alipofungua Biblia mkono ulitafuta kalamu aandike vichwa vya mahubiri, hadi mkewe akazificha kalamu zote. Akajifunza kusoma bila kumsomea mtu.

Siku arobaini zilipokwisha, alirudi kazini kwa sharti moja: Jumatatu ni yake, na simu ibaki kwa katibu.

Usharika ukaingiwa na wasiwasi. Jumatatu anakwenda wapi? Wengine walisema ana kanisa lingine, wengine wakasema ana maradhi. Mwalimu wa kwaya akatumwa apite nyumbani kwake, eti anapeleka suruali ikapunguzwe. Alirudi na jibu kwa mwenyekiti: kawakuta barazani, mama anafumua mishono, mzee anamsomea Zaburi, na wanabishania mstari mmoja.

"Na baadaye?"

"Nilikaa saa nzima. Hakuna kingine."

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Wee, hapo pana jambo," alisema. "Jumatatu ijayo nitapita mwenyewe."