Sikuweza Kulisema Mbele ya Baba Mkwe

Admin, nifichie jina langu na la shule, maana huku milimani ukimgusia mtu kidogo tu watu wanamjua mpaka shamba la babu yake. Nina miaka thelathini na moja, ni mwalimu wa shule ya msingi huku juu Lushoto. Nilizaliwa Mazinde, chini barabarani, nikaolewa huku kwenye baridi, na shule ninayofundisha iko kijijini kwa mume wangu. Mume mwenyewe yuko Tanga kikazi, anapanda mwisho wa mwezi. Mimi naishi na wakwe zangu, na baba mkwe ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule.

Mwaka huu nilipewa darasa la sita niwafundishe mwili unavyobadilika, hedhi, urafiki wa wavulana na wasichana, na namna ya kumkataa mtu anayekutaka. Sikuyatoa kichwani, yamo kwenye vitabu vya shule. Siku ya kwanza walicheka mpaka wengine wakajificha chini ya madawati. Nikawaacha, walipochoka tukaendelea. Haikupita muda wakawa wananiuliza mambo ambayo mimi niliyajua nikiwa nimeshaolewa. Nilifurahi sana, sitawadanganya.

Sasa kuna binti, nimwite Zaina. Baba yake analima karoti na kabichi. Siku hiyo alinibebea madaftari hadi ofisini, akaganda mlangoni, kisha akaniuliza taratibu, "Mwalimu, ukishapokea kitu cha mtu, bado unaweza kumkataa?" Nikamtazama miguuni. Raba mpya nyeupe, na wenzake wanakuja na kandambili. Nikamuuliza nani kampa, akasema hakuna, anauliza tu. Lakini huku hakuna siri. Yupo kijana mwenye pikapu anayenunua mboga za baba yake, naye hatoki pale nyumbani kwao. Baba yake Zaina akimuudhi, karoti zinamwozea shambani. Nikaona nikimbana mtoto atakimbia, nikamwambia swali lake ni zuri, Alhamisi nitalijibu mbele ya darasa zima bila kumtaja. Nilijiona mwerevu kweli.

Jumatano kikaitishwa kikao cha wazazi. Mama mmoja alilalamika kwamba mwanawe ametamka maneno mazito mezani, wanakula. Wengine wakadakia kwamba nafundisha watoto umalaya. Mwalimu mkuu, kwa nia njema tu, akasema nisimame niwaeleze wazazi nilichofundisha, kama nilivyokisema darasani, ili wasikie wenyewe kwamba hakina ubaya.

Nikasimama. Baba mkwe amekaa mbele kabisa, hatua chache kutoka nilipo. Ambao si Wasambaa mtaniona mjinga, lakini mimi mzee yule nikikutana naye njiani nampisha, nachutama, ndipo namsalimia. Sikai naye benchi moja. Leo nianze kutaja hedhi na sehemu za siri mbele yake na mbele ya wazee wenzake? Nilifungua mdomo, nikamwona anainamisha kichwa, kofia ikamficha uso wote. Nilijaribu tena, nikashindwa, nikakaa chini. Yule mama akawageukia wenzake akasema, "Mmeona? Kama ni mazuri, mbona hayasemeki mbele za watu?"

Hapo ndipo nilipomalizwa. Vipindi vikasimamishwa mpaka hali itulie, na nikakatazwa kukaa na mwanafunzi yeyote peke yangu. Baba mkwe tangu siku hiyo hanitazami. Mama mkwe ananiambia kwamba mambo hayo ni kazi ya bibi na shangazi, tangu zamani. Nikamjibu, wapo watoto ambao bibi amefariki na shangazi kaolewa mbali huko Magoma, hao nani awaambie? Akaendelea kuchambua maharage. Mume wangu kwenye simu aliniuliza swali moja tu, nilitaka baba yake auweke wapi uso. Nililia nikazima simu.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza habari za Zaina. Akasema raba si ushahidi, na nikimtaja yule kijana bila ushahidi kijiji kitasema natafuta wa kumsingizia. Mama yake Zaina naye amemkataza mtoto asinisogelee. Darasani akiniona anatazama dirishani.

Juzi jioni nilikutana na baba mkwe njiani anakwenda msikitini. Nikampisha, nikachutama, namsalimia. Zaina akawa anashuka na tenga la karoti kichwani, zile raba miguuni, na mkononi ana simu. Simu kabisa, jamani, na kwao hata baba yake anaazima kwa jirani. Akasema shikamoo mzee, shikamoo mwalimu. Kisha hakuondoka. Akasimama pale kama anayesubiri chenji dukani, akasema, "Mwalimu, ile Alhamisi haikufika."

Jibu lilikuwa neno moja. Ndiyo, mwanangu, unaweza kumkataa, hata ukiwa umevaa raba zake. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini baba mkwe alikuwa bado amesimama, na mimi bado nimechutama. Nikasema, "Marahaba. Wahi nyumbani, jua linazama." Akaenda. Baba mkwe akanitazama, mara ya kwanza tangu kikao, akakohoa akaendelea na safari yake. Sijui alielewa nini.

Nikizungumza na mtoto nitakuwa nimevunja katazo, kazi yangu iko hatarini, na ndani ya nyumba hii sijui kama patakalika. Nikienda polisi, nitawapelekea nini, rangi ya viatu? Nikinyamaza nalala naye kichwani kila usiku. Nishaurini jamani, nifanye nini? Msiniambie niombe uhamisho, mimi nikihama yeye anabaki. Na mnaojibu, jibuni mapema. Leo ni Jumatano, kesho ni Alhamisi.