Siku Skola Alipozuia Mguu Wangu Usikandwe

Mwaka ule nilioolewa sijausahau, mwanangu, maana ndio mwaka tuliokula ugali wa kuomba kwa majirani. Kaa vizuri unisikilize, na univumilie, kwa sababu habari hii mwisho wake ni kumsifu mkwe wangu, na nikianza kumsifu sinyamazi upesi.

Nilikuwa mgeni kwenye ukoo. Huku kwetu Ufipa mke mgeni alimsalimu mama mkwe kwa kupiga magoti, akampa maji kwa kupiga magoti, na mdomo akaufunga. Nami nilifundwa vizuri, nikaufunga wangu barabara. Basi nilikuwa nafagia ua kila asubuhi, nikaona mchwa wamepanda kwenye miguu ya kihenge, ghala letu la ulezi. Nikawaona leo, nikawaona kesho, nikanyamaza. Ningemwambiaje mama wa watu kwamba kihenge chake kinaliwa? Mvua zilipoanza kikaanguka chote, na ulezi wetu ukamwagika kwenye tope.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliniita pembeni akaniuliza, "Uliwaona wale mchwa?"

"Niliwaona, mama."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ni heshima, mama."

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. "Heshima ya namna hiyo utatuua nayo. Ukiona jambo, piga magoti kama ulivyofundwa kwenu, na ukiwa hapo chini useme. Nikikasirika, wewe endelea kusema."

Maneno hayo nimekaa nayo maisha yangu yote. Mwanangu wa kiume alipomleta mkewe Skolastika nyumbani, nikampa naye. Nadhani nilimpa mara nyingi mno, maana nikianza tu kutaja kihenge alikuwa anainuka kwenda kuangalia chungu jikoni.

Sasa tuje kwenye magoti. Yangu yaliisha kwa kazi, na sioni aibu kusema hivyo. Vile vilima vya udongo tunamofukia nyasi ili shamba lipate rutuba, mimi nilikuwa navipiga kuliko wanaume wengi wa kijiji chetu, waulize walio hai. Lakini goti la kulia likafika mahali halinibebi tena hata kwenda kanisani. Watoto wakachanga, nikapelekwa Mbeya, daktari akanitolea goti bovu akaniwekea la chuma. Siku ya kuruhusiwa nesi akatukalisha mimi na Skola. Alisema nimeze dawa za kuzuia damu isigande, nitembee kidogo kidogo kila siku, na mguu ukivimba ukawa wa moto tusiuguse, twende hospitali upesi. Mimi nilikuwa nawaza safari ya basi. Skola alikuwa anasikiliza.

Nyumbani, unajua tulivyo. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, kijiji kizima kinakuja, na kila anayeingia anasema, "Lala, mama, usijisumbue." Nikalala. Nani anakataa kulelewa? Skola aliniletea magongo nitembee, wageni wakamwona mkwe asiye na huruma, nami sikumtetea.

Ndipo kigimbi cha mguu uliopasuliwa kikaanza kuvimba. Kilikuwa kinauma, kimekaza, ngozi inang'aa, na ukikigusa ni cha moto. Wifi yangu Veronika, dada wa marehemu mume wangu, ndiye mkandaji wetu. Wanawake wote waliojifungua pande hizi wamepita mikononi mwake. Alipouona mguu akasema, "Hii ni damu imelala, inataka kukandwa." Mimi mwenyewe nikasema maji yawekwe motoni. Veronika akakunja mikono ya gauni.

Skola akaingia. Akapiga magoti kando ya kitanda, akainamisha kichwa.

"Mama, nisamehe. Mguu huu haukandwi. Twende hospitali."

Veronika akamgeukia. "Wewe niliyekukanda mimi ulipojifungua, leo unanifundisha?"

"Shangazi, mikono yako ndiyo iliyonisimamisha, sijasahau. Lakini nesi alisema ukivimba hivi usiguswe."

Mwanangu, nilikasirika. Nilikuwa na maumivu, na wageni wote walikuwa wananitazama waone kama nitashindwa na mkwe ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia atoke. Hakutoka. Magoti yake hayakuondoka pale sakafuni.

Akasema polepole, "Mama, naona mchwa kwenye kihenge."

Nilimwona mama mkwe wangu amesimama mbele yangu kabisa, Mungu amlaze pema. Nikamwambia Veronika, "Wifi, acha maji yapoe." Jirani mwenye gari aina ya Noah akaitwa, nikapakiwa nimenyooshwa mguu kwenye kiti cha nyuma, tukashuka Sumbawanga mjini.

Daktari alikuwa kijana mdogo. Akapitisha kile chombo chao cha kuonea ndani ya mwili, akasema damu imeganda kwenye mshipa wa kigimbi. Kisha akauliza, "Mmeukanda?"

Skola akajibu hatujaukanda.

"Basi mshukuruni aliyewazuia. Bonge hili likisuguliwa linaweza kuachia, likasafiri hadi kwenye mapafu. Hapo bibi tungempoteza."

Nililia, mwanangu, na sikulia kwa hofu. Nililia kwa kujivunia. Nilitaka kila nesi kwenye wodi ile ajue kwamba yule pale aliyeshika kanga zangu ni mkwe wangu mimi. Nilichomwa sindano za tumboni, nikapewa vidonge, nikatembezwa. Veronika naye alikuja na chupa ya uji wa ulezi, akammiminia Skola kwanza, mimi baadaye. Siku hizi akiitwa kukanda mtu, anauliza kama ametoka kupasuliwa na kama mguu ni wa moto. Akiambiwa ndiyo, anajifunga kanga yake anawasindikiza hospitali.

Niliporudi nyumbani nilishuka kwenye gari kwa magongo, nikaingia kwa miguu yangu. Skola akatangulia mlangoni, akapiga magoti kunipokea kama siku zote. Goti hili la chuma linanipeleka kanisani, linanipeleka shambani nikawasimamie wanaolima vibaya, ila kupiga magoti limekataa. Lingekubali, siku ile ningeshuka pale chini nikampigia mimi.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Ukitoka kupasuliwa, amka utembee kama ulivyoelekezwa, hata wageni wakikuonea huruma. Mguu ukivimba ukawa wa moto, usikubali uguswe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiwa mdogo ukaona kwa macho yako kwamba mkubwa wako anaelekea pabaya, mpe heshima yake yote halafu umwambie, na akikufukuza usiondoke. Ukija kuwa mkubwa, walee wanao na wakwe zako waweze kukwambia.

Nenda salama. Mungu akupe magoti yasiyochoka, mashamba yanayozaa, na ndani ya nyumba yako akujalie mtu wa kukupigia magoti na bado akakukatalia.